Klachi Inateleza na Mashindano Yamekaribia: Uanzie Wapi?

Pikipiki inanguruma lakini haiendi. Ukivuta resi sauti inapanda, injini inalia, lakini mwendo ni ule ule. Ukifika kilima cha Mazeras na abiria nyuma, wenzako wanakupita mmoja mmoja na wewe mkono umeuzungusha mpaka mwisho. Mafundi wetu husema klachi inateleza. Kijana anayetaka kushindana Jumamosi akaligundua jambo hili Jumatano, mara nyingi hufanya moja kati ya mawili: hukimbilia dukani kununua pleti mpya kabla hajajua ubovu uko wapi, au humwachia Mungu akaenda hivyo hivyo. La kwanza laweza kumpotezea pesa, la pili laweza kumvunja mguu.

Makala haya ni kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili ya mamake na mkewe pia. Tuseme ukweli: hapa Pwani pikipiki nyingi zinazopelekwa kushindana si za mchezo tu. Ni zile zile Boxer, TVS na Honda ambazo Jumatatu zinarudi stejini kutafuta unga, na pengine mkopo wake haujaisha. Klachi ikiungua kwenye mashindano, nyumba nzima yalala njaa. Kwa hivyo kanuni yangu ni moja: anza na kisichogharimu kitu, kilicho nje ya injini, kisha uingie ndani hatua kwa hatua. Na usisimame kwenye mstari wa kuanzia na klachi ambayo hujaijaribu.

Klachi hufanya nini

Pikipiki nyingi tunazotumia zina klachi ya pleti nyingi inayooga ndani ya oili ya injini. Pleti ni za aina mbili, zimepangwa moja kwa moja kama sahani kabatini. Kuna pleti za msuguano, zenye vipande vya kahawia mfano wa korki, nazo huzungushwa na injini. Kati yake zimo pleti za chuma tupu, nazo zimeshikana na shafti inayoingia kwenye gia. Springi kali huzibana zote pamoja ili zizunguke kama kitu kimoja. Ukivuta mkono wa klachi, waya hushinda nguvu ya springi, pleti huachana, na injini hubaki ikizunguka peke yake. Ukiuachilia, springi zinabana tena na nguvu inafika kwenye gurudumu.

Kuteleza basi maana yake ni kwamba pleti hazibanwi vya kutosha. Sababu kubwa ni nne: waya umekaza mno, oili si ya pikipiki, springi zimechoka, au pleti zimelika. Mbili za kwanza waweza kuzishughulikia nje ya injini, na nimeziweka mbele kwa makusudi.

Hakikisha kwanza kwamba ni klachi

Si kila pikipiki isiyovuta ina ubovu wa klachi. Tofauti kubwa iko masikioni. Klachi ikiteleza, injini hukimbia mbele na mwendo hubaki nyuma. Lakini ukivuta resi na injini yenyewe ikawa nzito, haitaki kupanda, basi tafuta kwengine: kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, kabureta chafu, plagi mbovu, au breki inayoshika gurudumu.

Kuna wadanganyifu wengine wawili. Mmoja ni cheni iliyolegea juu ya sproketi iliyolika. Hiyo huruka meno na utasikia mgongano, si mlio laini wa injini inayopanda. Wa pili twamjua sana sisi watu wa ufuoni: mchanga. Gurudumu la nyuma likizunguka patupu mchangani, injini nayo hukimbia na pikipiki haiendi, mtu akadhani klachi imekufa. Jaribio lolote la klachi lifanyie pahali pagumu na pakavu.

Jaribio la kwanza halihitaji barabara. Washa injini ipate moto kidogo, kaa juu ya pikipiki, shika breki ya mbele na ya nyuma kwa nguvu, tia gia ya tatu au ya nne, kisha uachilie klachi polepole huku ukiongeza resi kidogo tu. Klachi nzima itaizima injini mara moja. Injini ikiendelea kunguruma na pikipiki imesimama, pleti zinateleza. Lifanye mara moja au mbili tu, kwa sababu kila sekunde ya kuteleza inazichoma pleti. Na asisimame mtu mbele ya pikipiki.

Jaribio la pili ni la mwendo, katika uwanja mtupu usio na watu. Nenda mwendo wa wastani katika gia kubwa, kisha ufungue resi ghafla. Kuteleza huonekana kwanza kwenye gia kubwa, kwenye mzigo, na injini ikiwa moto. Kwa hivyo usiridhike kwamba pikipiki iliondoka vizuri kwa gia ya kwanza.

Waya kwanza

Watu wengi wanaamini kwamba waya wa klachi hulegea tu kadiri siku zinavyokwenda. Waya wenyewe kweli hurefuka kidogo, lakini katika injini nyingi kulika kwa pleti hufanya kinyume. Pleti zikipungua unene, sahani inayozikandamiza huingia ndani zaidi, na ile nafasi iliyokuwa kwenye waya humalizika. Ndiyo maana waya uliorekebishwa vizuri miezi kadhaa iliyopita waweza leo kuwa unaivuta klachi kidogo hata hujaugusa. Ni sawa na kuendesha ukiwa umeshika nusu klachi kutwa nzima.

Dawa yake ni kuacha mchezo. Mkono wa klachi uwe na mwendo wa bure kabla haujaanza kuvuta kitu. Watengenezaji hupima kwa njia mbili, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Wengine hupima kwenye ncha ya mkono, na pikipiki ndogo za Honda kwa kawaida hutakiwa kuwa na milimita 10 hadi 20 hapo. Wengine hupima kwenye shina la mkono, karibu na msumari wake, ambapo milimita 2 hadi 3 ndicho kipimo cha kawaida. Tazama kitabu cha pikipiki yako ujue chapima wapi. Rekebisha kwa skrubu iliyo kwenye mkono. Ikiwa imefika mwisho, rudi kwenye ile ya chini karibu na injini. Injini nyingine zina pia skrubu na nati ya kufungia kwenye kifuniko cha klachi.

Ukimaliza, vuta mkono na uuachilie. Warudi wenyewe upesi? Ukisita, waya umeshika kutu ndani ya ala yake. Kwetu hili ni jambo la kila siku, kwani hewa ya chumvi haina huruma na chuma, na pikipiki inayolala nje Mtwapa au Shela hupata kutu upesi kuliko ya Nairobi. Tia mafuta ndani ya waya. Nyuzi zikiwa zimeanza kukatika, badilisha waya wote. Tazama pia kile kijikono kilicho kwenye injini, pale waya unapofungwa, kama kinarudi bila kusukumwa.

La mwisho kuhusu waya: injini ikiwaka kwa nyutro, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto, na kila upande upime tena mchezo wa mkono wa klachi. Ukipotea upande mmoja, waya umepitishwa vibaya na unavutwa kila unapokata kona. Pikipiki iliyobadilishwa usukani ili ishindane hupatwa sana na tatizo hili.

Kisha oili

Kwa kuwa klachi yaoga katika oili ile ile ya injini, si kila oili inafaa. Oili nyingi za magari madogo ya kisasa zimetiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Kwa gari ni sawa, maana klachi yake iko pakavu. Kwa pleti zetu, dawa hizo zaweza kuwa sumu, kwani msuguano ndio kazi yao.

Geuza mkebe usome nyuma. Wajapani wana kipimo kinachoitwa JASO. Oili yenye alama ya MA au MA2 imepimwa kwa klachi za aina yetu, na MA2 ndiyo yenye msuguano mkubwa zaidi. MB ina msuguano mdogo, yafaa skuta ambazo klachi zake haziogi katika oili. Mkebe usiotaja JASO kabisa, na umeandikwa kwamba oili yake huokoa mafuta, uache dukani. Unene wake, kama 20W-50 au 10W-30, fuata kitabu cha pikipiki. Na usijaze kupita alama.

Ikiwa uliibadilisha oili majuzi na kuteleza kukaanza baada ya hapo, umekwisha pata jibu lako. Mwaga, tia iliyo sahihi, endesha kidogo, mwaga tena, tia nyingine. Mara nyingi pleti hurudi hali yake. Zikikataa, zimekwisha nywa dawa ile na itabidi zibadilishwe. Na unapomwaga, inuse. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua na chembe za kahawia ni barua kutoka kwa klachi yenyewe.

Ukibidi kufungua

Waya uko sawa, oili ni sahihi, na bado inateleza? Sasa ndiyo wakati wa kufungua. Usiku wa kuamkia mashindano si wakati wake, wala si kazi ya kufanyia kwenye mchanga. Tafuta pahali safi, na hakikisha umeipata gasketi mpya ya kifuniko kabla ya kugusa bolti.

Katika Boxer na Honda nyingi ndogo klachi iko upande wa kulia. Funga koki ya petroli, mwaga oili, ondoa kiki ikiwa imepita kwenye kifuniko hicho, kisha ulegeze bolti za kifuniko kwa mzunguko na uzipange kwa urefu wake. Kila hatua piga picha kwa simu. Bolti za springi zilegeze kidogo kidogo kwa kuvuka, yaani ukitoka hii uende ile iliyo mkabala nayo. Katika baadhi ya injini pleti hutoka baada ya springi. Katika nyingine lazima utoe nati au ringi ya katikati, nayo yahitaji kifaa chake. Usiipige kwa patasi. Ikifika hapo na huna kifaa, mwachie fundi.

Pima springi. Zipange wima juu ya meza tambarare. Zote zilingane urefu, na zisiwe fupi kuliko kipimo cha kitabu. Springi huchoka kwa joto bila kuonyesha alama. Ikiwa moja ni fupi, badilisha zote.

Pima pleti za msuguano. Nyingi huwa karibu na milimita 3 zikiwa mpya, na kupungua kwa sehemu chache za kumi za milimita kwatosha kuzimaliza. Jicho halioni tofauti hiyo. Azima kalipa ya kupimia. Zinazong'aa kama kioo, zilizomeguka au zenye harufu ya kuungua hazifai hata kama unene umebaki.

Pima pleti za chuma. Zilaze juu ya kioo. Ikiwa moja yacheza kama meza yenye mguu mfupi, imepinda. Kikomo cha kawaida ni takriban sehemu 2 hadi 3 za kumi za milimita. Zilizogeuka rangi ya buluu zimepikwa na joto. Ukitia pleti mpya za msuguano kati ya vyuma vilivyopinda, umenunua klachi ya wiki moja.

Tazama pia kingo za bakuli la nje, pale meno ya pleti yanapokaa. Mashimo yaliyochimbwa hapo huifanya klachi ikatae kuachia au iachie kwa kushtuka. Huo ni ubovu wa namna nyingine. Pikipiki inayosonga mbele hali umevuta mkono mpaka mwisho haitelezi, bali klachi yake haiachii. Dawa zake zisichanganywe.

Kurudisha

Pleti mpya za msuguano zilowekwe katika oili safi ya injini, angalau nusu saa, na usiku kucha ni bora. Zikiingia kavu huungua siku ya kwanza. Zipange kama picha yako inavyoonyesha. Mara nyingi yaanza ya msuguano na kumalizikia ya msuguano. Kaza bolti za springi kwa kuvuka. Hizo kwa kawaida ni bolti za milimita 6, zile za spana namba 10, zinazoingia kwenye aluminiamu, na kipimo chake huwa karibu Nm 10 tu. Fundi mwenye nguvu za kubeba magunia bandarini atazikata. Kisha weka gasketi, kifuniko na oili, na urekebishe waya upya tangu mwanzo, kwa sababu pleti mpya ni nene na mchezo wa waya umebadilika.

Ziko njia za mkato ambazo utazisikia. Kutia washa chini ya springi huongeza kubana kwa muda, lakini springi yaweza kufikia mwisho wake na klachi ikakataa kuachia. Kusugua vyuma vilivyong'aa kwa msasa mwembamba kwaweza kusaidia ikiwa havijapinda. Kusugua pleti za msuguano zilizolika hakurudishi unene uliokwisha kwenda. Na aliyeongeza ukubwa wa silinda ajue kwamba springi za kiwandani zilipangiwa nguvu ya kiwandani. Springi kali zaidi zaweza kuhitajika, na mkono wa klachi utakuwa mzito.

Mashindano huiua vipi klachi

Klachi huchoka zaidi inapoteleza kwa makusudi, na mwanzo wa mashindano ndio mahali pake. Mpanda pikipiki anashika nusu klachi, resi iko juu, anangoja ishara. Sekunde chache hizo hutia joto jingi. Kwa hivyo vuta mkono kikamilifu ungoje, anza kuachilia ishara inapokaribia tu, na katikati ya mashindano usipumzishe vidole juu ya mkono wa klachi. Aliyetia sproketi kubwa mbele ili apate mwendo ajue pia kwamba pikipiki huondoka kwa uzito, na klachi huteleza muda mrefu zaidi kila anapoanza.

Kuna mtego mwengine hapa. Pleti zikipata moto hupanuka, na mchezo wa waya huongezeka. Mpanda pikipiki anahisi mkono umelegea, anaukaza papo hapo kwa skrubu, na mbio zinaendelea vizuri. Baadaye injini inapoa, pleti zinarudi unene wake, na sasa waya hauna mchezo hata kidogo. Raundi ya pili anaanza na klachi inayoteleza, na halijui kosa. Ukikaza wakati wa moto, legeza inapopoa.

Ratiba ya wiki

Siku saba kabla: fanya majaribio mawili, pima waya, soma mkebe wa oili. Ikiwa lazima kufungua, fungua sasa.

Siku nne kabla: pikipiki iwe imeshafungwa. Iendeshe taratibu kwa muda, ipate moto na kupoa mara kadhaa, kisha upime waya tena.

Siku moja kabla: rudia jaribio la gia kubwa. Usibadilishe kitu kipya.

Asubuhi ya mashindano: pima mchezo wa waya injini ikiwa baridi, zungusha usukani pande zote mbili, tazama kama oili yavuja kwenye kifuniko.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka. Majaribio haya si ruhusa ya kukimbizana kwenye barabara ya Malindi wala ya Dongo Kundu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yakataza mashindano barabarani bila ruhusa, lakini hata isingekataza, barabara hizo zina malori, watoto wa madrasa na mama zetu wanaovuka. Klachi inayoteleza huonyesha ubovu wake pale unapohitaji nguvu: ukiwa ubavuni mwa trela, upande usio wako, na lori jingine laja. Hapo injini itanguruma na wewe hutasonga. Atakaye kushindana na atafute uwanja, ambulensi na wasimamizi.

Na ikiwa asubuhi ya siku yenyewe umejaribu kila kitu na bado inateleza, toa pikipiki kwenye mstari. Utasikia kebehi. Vumilia. Mashindano yatakuja mengine, inshallah, lakini pikipiki ile ndiyo inayosubiriwa stejini Jumatatu, na wewe ndiye unayesubiriwa nyumbani jioni.